Inchi kwa Pima: Mtu Mzima mbele ya Maboksi ya Mifano

Mtu mzima aingiapo katika duka la vitu vya kuchezea katika mji wa Ulaya au Japani, akateremsha kutoka kwenye rafu boksi lenye picha ya ndege au manowari na kulipeleka kwa muuzaji, si ajabu akaulizwa mtoto atakayepewa zawadi hiyo ana umri gani. Jawabu ya kweli, kwamba hapana mtoto na kwamba boksi ni lake mwenyewe, hutolewa kwa haya kidogo. Haya hiyo ina historia yake, nayo ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Haikushika mizizi mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, na sababu yake kubwa ni plastiki. Kabla ya hapo, kuunda chombo kidogo kwa sura na uwiano wa chombo kikubwa ilikuwa aghalabu kazi ya watu wazima, na watu wazima wenye jambo zito moyoni.

Mwaka 1920 wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi Thebes, Misri, walikuta ndani ya kaburi la Meketre, ofisa mkubwa aliyeishi takriban miaka 4,000 iliyopita, chumba kidogo kilichojaa mifano ya mbao iliyotiwa rangi: zizi la ng'ombe, ghala la nafaka, mahali pa kuokea mikate, na mashua zilizo na mabaharia wao. Hapana aliyeviunda ili mtoto acheze. Vilikusudiwa kumhudumia marehemu huko alikokwenda. Nchini Uingereza, katika karne ya 17, wakuu wa jeshi la majini waliundiwa mifano ya meli za kivita ambayo ubavuni iliachwa wazi bila ya mbao, mataruma yakionekana yote kama mbavu za samaki, na mingi katika hiyo ilipimwa robo inchi kwa kila futi ya meli. Na katika vita vya miaka ya 1793 hadi 1815 mabaharia wa Kifaransa waliofungwa Norman Cross na kwenye magereza mengine ya Uingereza waliweka akiba mifupa ya nyama ya posho yao, wakaichonga, wakaunda meli ndogo zenye mizinga na kamba zote, na kuziuza kwa wenyeji ili wapate chochote. Wengi wao hawakuwa na ramani wala vipimo. Waliunda kwa kumbukumbu, na kwa hiyo milingoti mara nyingi ni mirefu kuliko ilivyostahili. Pengine ndivyo mfungwa aikumbukavyo meli yake.

Neno lenye uzito kuliko yote katika sanaa hii ni skeli, yaani uwiano baina ya mfano na kitu chenyewe, na ndilo neno la kwanza analopaswa kulijua mnunuzi. Juu ya boksi huandikwa kwa tarakimu: 1/72, 1/48, 1/35, 1/700. Mgeni huziona tarakimu hizi kama siri za wachawi. Ilhali ile iliyo mashuhuri kuliko zote ina maelezo mepesi mno kwa mtu wa pwani. Katika 1/72 kila inchi ya mfano ni inchi 72 za kitu halisi. Inchi 72 ni futi sita. Na futi sita ni pima moja. Nahodha aliyezoea kutupa bildi na kuhesabu kina cha maji kwa pima angeielewa skeli hii bila ya kufundishwa. Skeli ya 1/48 ni ile ile robo inchi kwa futi ya wakuu wa meli wa karne ya 17. Tarakimu zinazoonekana za ajabu ni desturi za zamani za mafundi waliopima kwa viungo vya mwili, kabla ya mita kuzaliwa.

Inchi kwa pima ilianza kutumika katika mifano ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale jina la Skybirds lilipotokea Uingereza likiuza ndege ndogo za mbao za kuunga. Mwaka 1936 ikafuata FROG, kampuni ambayo jina lake lilielezwa kuwa ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuruka moja kwa moja kutoka ardhini, kwa kuwa bidhaa zake za mwanzo ziliruka kweli. Ilipotoa ndege za plastiki za kuunga ambazo haziruki, ikaziita Penguin, jina la ndege mwenye mbawa asiyeweza kupaa. Mzaha huo una adabu ndani yake: tangu siku ya kwanza mtengenezaji alimwambia mnunuzi kwamba anachouziwa ni sura tu.

Vita vikaja na kuitia sura hiyo kazini. Askari aliyekaa juu ya paa na bunduki alihitaji kuitambua ndege ingali mbali, ajue ni ya rafiki au ya adui, na picha ya karatasi haikutosha. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwataka wanafunzi wa skuli za nchi nzima watengeneze mifano 500,000 ya ndege kwa skeli ya 1/72, ipakwe rangi nyeusi, na itumike kuwafundishia askari. Hesabu yake ni ya wazi. Mfano wa 1/72 ukitazamwa kwa umbali wa mita 10 huonekana kwa ukubwa ule ule wa ndege kamili iliyo mita 720 angani. Vijana wa kiume na wa kike wa miaka 15 walipasua mbao na kuzipiga msasa, na kosa la milimita chache katika ubawa lingeweza kumfanya mtu huko mbele ampige risasi mwenzake. Vita vilipokwisha skeli hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka mikononi mwa kizazi kizima.

Ndipo plastiki ikashuka bei. Mashine ya kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma ilikuwa ghali, na kalibu yenyewe ghali zaidi, lakini kalibu ikishapatikana kila kipande kinachotoka gharama yake ni ndogo sana. Mtu aliyeiona faida hiyo mapema Uingereza ni Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, aliyeanzisha Airfix mwaka 1939 akiuza vitu vya kuchezea vya kujazwa hewa na baadaye vichana vya nywele. Mwaka 1949 kampuni yake ilitengeneza trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya mawakala wa mauzo. Miaka michache baadaye ikatoa Golden Hind, meli ya Francis Drake aliyezunguka dunia kati ya mwaka 1577 na 1580, ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za Kiingereza, tena si katika boksi bali katika mfuko wa plastiki wenye karatasi iliyokunjwa juu. Kwa bei hiyo mtoto aliweza kununua kwa pesa yake ya mfukoni. Hapo sanaa ya watu wazima ikawa mchezo wa watoto, na ile haya ya dukani ikapata mahali pa kuzaliwa.

Upande wa pili wa Atlantiki, kampuni ya Revell, chini ya Lewis Glaser, ilitoa mwaka 1953 manowari Missouri, na hiyo ndiyo meli iliyoifungulia soko kubwa la vyombo vya baharini. Skeli yake ni 1/535, tarakimu isiyo na asili katika futi wala mita. Iliwekwa hivyo kwa sababu meli ilipunguzwa mpaka ikaingia katika boksi la ukubwa uliokwisha kuamuliwa. Wapenzi wa mifano huziita skeli kama hizo skeli za boksi, kwa dharau kidogo. Lakini jina la meli ndilo la kuzingatiwa. Juu ya sitaha ya Missouri, tarehe 2 Septemba 1945, Japani ilitia saini hati ya kusalimu amri. Mtoto wa Kimarekani aliyeunga vipande vya Revell miaka minane baadaye alikuwa anaunga mahali pa ushindi wa baba yake.

Na mtoto wa Kijapani? Katika mji wa Shizuoka, Yoshio Tamiya alianza biashara ya mbao mwaka 1946, akaongeza mifano ya mbao, na kuanzia mwaka 1953 akaiacha biashara ya mbao za ujenzi na kushika mifano peke yake. Plastiki ya Kimarekani ilipoingia Japani, wauzaji wa mbao waliona riziki yao ikiyeyuka. Tamiya naye akakata kalibu yake ya kwanza ya plastiki, na chombo alichokichagua mwaka 1960 kilikuwa Yamato.

Uchaguzi huo haukuwa mwepesi. Yamato ilikuwa manowari yenye mizinga mikubwa kuliko zote zilizopata kuelea, mita 263 kutoka omo hadi tezi, na ilizamishwa na ndege za Kimarekani tarehe 7 Aprili 1945 ikielekea Okinawa katika safari ambayo wengi waliokuwamo walijua haina marejeo. Watu wapatao 3,000 waliangamia nayo. Mwaka 1960 wajane wao walikuwa hai, na watoto wao walikuwa katika umri wa kununua maboksi. Kila taifa, basi, lilipopewa nafasi ya kuchagua chombo cha kuingiza katika plastiki, lilichagua kulingana na jeraha au fahari yake: Waingereza msafiri aliyerudi na mali, Wamarekani meli ya ushindi, Wajapani meli iliyozama. Ni rahisi kusema kwamba wafanyabiashara walitafuta pesa tu. Walitafuta pesa kweli, lakini pesa zilikuwa mahali palipokuwa na kumbukumbu.

Kibiashara Yamato ya Tamiya ilishindwa. Kampuni nyingine ilitoa Yamato yake kwa bei ya chini, na Tamiya akalazimika kushusha yake hadi hasara. Kilichomwokoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni kifaru cha Kijerumani cha Panther, kilichochaguliwa kwa sababu umbo lake lina kuta nyofu zilizo rahisi kukatwa katika chuma. Ndani yake ilibidi iingie mota ndogo na betri ili kiweze kutambaa sakafuni; mwili ukapimwa kuzunguka betri; na skeli iliyotokea ilikuwa 1/35. Baadaye mota iliondoka, watu wazima wakataka usahihi badala ya mwendo, lakini 1/35 ikabaki, na leo vifaru vya makampuni mengi ya dunia hufuata ukubwa wa betri iliyokwisha kusahauliwa. Mwanawe, Shunsaku Tamiya, ndiye aliyeisukuma kampuni kuelekea usahihi huo. Kwa ajili ya gari la Porsche lililotolewa mwaka 1976 kwa skeli ya 1/12, kampuni ilinunua Porsche nzima iliyo hai na kuifungua kipande kwa kipande.

Meli nazo zilipata sheria yake hapo hapo Shizuoka. Mwaka 1971 makampuni manne ya huko, Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, yalikubaliana kutengeneza manowari kwa skeli moja ya 1/700, zilizokatwa usawa wa maji ili zikae mezani kama zilizo baharini, na yakagawana orodha ya meli ili pasiwe na wawili watakaotengeneza chombo kimoja. Kwa makubaliano hayo mtu mmoja aliweza kukusanya kundi zima la meli za Kijapani zenye uwiano mmoja. Katika skeli hiyo Yamato ni sentimita 37 na nusu. Mwaka 2005 mji wa Kure, ulikoundwa Yamato, ulifungua jumba la makumbusho lenye mfano wake wa 1/10. Mfano huo una urefu wa mita 26.3: mrefu kuliko majahazi mengi yaliyopata kutweka tanga kutoka Lamu kwenda Unguja. Watu husimama kando yake wakanyamaza. Hapo suali la kwamba mifano ni ya watoto haliulizwi.

Mambo mawili yalimrudisha mtu mzima. Waliokuwa watoto wa shilingi mbili walikua na kupata mishahara. Na bei ya plastiki ilipanda baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, kisha miaka michache baadaye michezo ya kompyuta ikawachukua wadogo zao. Airfix ilifilisika mwaka 1981, ikapita mikononi mwa wenyewe mbalimbali, na mwaka 2006 ikanunuliwa na Hornby, kampuni ya treni ndogo. Tangu hapo watengenezaji hawakuweza kujidanganya juu ya nani anayewalisha. Vyama vilikuwapo: chama cha Waingereza kilichozaa mtandao wa kimataifa wa waungaji wa mifano ya plastiki kilianzishwa mwaka 1963, na cha Wamarekani kikafuata mwaka 1964. Ila sasa vyama hivyo vilikuwa ndio soko lenyewe.

Mtu mzima huyu huchagua vipi? Mtoto huchagua kwa picha ya kifuniko, na lawama si yake, kwani wachoraji kama Roy Cross, aliyezipamba Airfix kuanzia mwaka 1964, walitia upepo na moshi ambao haumo ndani. Mzoefu hukigeuza kifuniko na kutafuta swali lililofichwa: kalibu hii ilikatwa lini? Boksi linaweza kuwa jipya, picha mpya, hata jina la kampuni jipya, na vipande vya ndani vikawa vya mwaka 1960 na kitu, vyenye kingo butu na mistari minene. Kalibu huuzwa, hukodishwa na kurithiwa. Mtu alipe bei ya leo kwa usahihi wa zama za babu yake ikiwa ndiyo matamanio yake, na wapo wanaotamani hasa hivyo, kwa kuwa wanatafuta boksi walilolikosa utotoni. Lakini ajue. Pili, huangalia idadi ya vipande, si kwa kudhani kwamba vingi ni bora. Vipande 600 katika nyumba yenye meza moja inayoliwa chakula ni ahadi ya ugomvi. Tatu ni nafasi: ndege ya kivita ya kiti kimoja katika 1/72 huenea kiganjani, katika 1/32 hutaka rafu. Mengine, rangi na gundi na brashi, hufunzwa na mikono yenyewe.

Kuna pia maradhi ambayo hayakwepeki. Aliyeonja sanaa hii hununua haraka kuliko aungavyo, na maboksi hurundikana chini ya kitanda mpaka hesabu ya umri ikaonyesha wazi kwamba hayatakwisha. Wenyewe hulifanyia mzaha jambo hilo. Hata hivyo, rundo hilo ni aina ya maktaba, na mwenye maktaba haulizwi kama amesoma vyote.

Zito kuliko skeli na bei ni suala la kipi kikumbukwe. Kampuni ya FROG ilipofikia mwisho katika miaka ya 1970, sehemu kubwa ya kalibu zake ilihamia Muungano wa Kisovieti, na ndege zile zile zikaanza kutoka tena kwa jina la Novo. Ila kalibu za ndege za Ujerumani na washirika wake Wasovieti hawakuzitaka. Zikaenda kwa Revell. Chuma kile kile, mikono ile ile iliyokikata, na bado kuna taifa lililosema: hizi hazitaungwa kwetu. Nchini Ujerumani kwenyewe sheria ya jinai inazuia kuonyeshwa alama za chama cha Nazi, kwa hiyo karatasi za chapa za kubandika huuzwa bila ya msalaba ule uliopinda, au ukiwa umekatwa vipande viwili visivyo na maana mpaka mtu aviunganishe mwenyewe kwa hiari yake. Muungaji aliye peke yake chumbani, usiku, mbele ya vipande viwili hivyo, anafanya uchaguzi ambao hakuna chama kitakachomfanyia. Wapo wanaobandika wakisema kwamba historia haipakwi chokaa. Wapo wanaoacha mkia wa ndege mtupu. Wote wawili wanastahili kusikilizwa kuliko yule asiyeona kwamba kuna la kuamua.

Na kuna vyombo ambavyo havikupata hata heshima ya kukataliwa. Kwa kuwa kalibu ya chuma hurudisha gharama yake kwa maelfu ya wanunuzi, huingia katika plastiki kile tu ambacho maelfu ya watu wenye fedha wanakikumbuka. Manowari, ndege za kivita na vifaru hurudiwa na kurudiwa. Bahari ya Hindi ya matanga ni adimu mno. Artesanía Latina ya Hispania imetoa katika mbao jahazi la Kiarabu iliyoliita Sultan, lenye tanga la pembe tatu, na mtu wa pwani akiliona atalisalimu kama jamaa wa mbali. Ama mtepe, haumo.

Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili wa upande wa Lamu na visiwa vya Wabajuni. Mbao zake hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa mkeka, tena la pembe nne, na omo yake ndefu husimuliwa kuwa iliigiza shingo ya ngamia wa Mtume. Ulibeba boriti za mikandaa. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ulififia, na haukubaki hata mmoja wa asili ulio mzima. James Hornell aliuandikia makala mwaka 1941, na A. H. J. Prins akarudi kwenye mambo ya vyombo vya Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Zaidi ya maandishi na picha chache, kilichobaki ni mifano: midogo, iliyoundwa kwa mkono, kama ule uliowekwa katika makumbusho ya Lamu. Mafundi walioiunda hawakuwa na boksi wala karatasi ya maelekezo. Walifanya walichofanya wafungwa wa Norman Cross, na mikono yao ilikuwa na ujuzi zaidi, kwa kuwa ilijua kushona.

Hapa mfano unageuka kuwa hati. Mwaka 2003 ulishonwa Zanzibar mtepe wa ukubwa kamili, ukawekwa ndani ya ukumbi wa Beit al Ajaib, na kwa kuwa hapakuwa na mtepe wa zamani wa kupimwa, njia ya kuufikia ilipita katika picha, maandishi na mifano. Huko Oman nako, meli ya kushonwa iliyoitwa Jewel of Muscat, iliyosafiri mwaka 2010 hadi Singapore, ilitanguliwa na mifano midogo kabla ya ubao wa kwanza kutobolewa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jumba la mawe la mwaka 1883 lilionekana imara kuliko mkeka na makumbi.

Watoto wa pwani, kwa upande wao, hawakungoja kiwanda. Kipande cha ubao mwepesi, au kandambili iliyokatika, kijiti, na mfuko wa plastiki kwa tanga, na kidau kikaingia majini maji yakijaa. Mtoto anajua kwamba tanga likizidi kitapinduka, na ujuzi huo haumo katika boksi lolote la Shizuoka. Ila kidau hakina skeli, wala hakihitaji, kinakwenda.

Mtu mzima atakayetaka mtepe mezani kwake itambidi aanze bila ya boksi, na uchaguzi wake wa kwanza utakuwa ule ule wa skeli. Ukichukuliwa mtepe wa mita 20, inchi kwa pima itautoa na urefu wa sentimita 28, ukubwa mzuri kwa rafu. Lakini kamba ya makumbi yenye unene wa milimita 6, ikigawanywa kwa 72, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ni unene wa unywele, na kutoboa matundu ya kushonea kwa unywele katika mbao zote za ubavu ni kazi ya kumpofua mtu. Katika 1/24 kamba hiyo inakuwa robo ya milimita, inayokaribia uzi wa kawaida wa cherehani, na sindano ndogo inapita. Chombo kitakuwa na urefu wa sentimita 83, na meza yake lazima itafutwe kwanza.